Hereni ya Wimbo

Wimbo ulikuwa umenipita mara tatu asubuhi ile: kwanza juu ya bodaboda iliyobeba madumu ya maziwa, halafu kwenye sabufa ya duka la vipuri, halafu kwa mama muuza dagaa aliyekuwa akiuimba bila kujua kwamba anauimba. Nikaenda kwa kijana anayetuwekea nyimbo kwenye flashi, kibandani kwake karibu na njia panda ya Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapoachana na ile inayotoka Mwanza kwenda Musoma. Nikauimbia puani mstari mmoja. Akaupata kabla sijaumaliza. Nilipofika nyumbani nikaufungua kwenye simu, na simu yangu, ambayo nimeiweka katika Kiswahili kwa ubishi tu, ikaandika chini ya jina la faili: Msanii asiyejulikana.

Asiyejulikana na nani? Lamadi nzima inamjua. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na somo nililolipenda kuliko yote ni kauli ya kutendeka, maana ndimo lugha inamojificha. Glasi imevunjika, na hakuna aliyeivunja. Fedha zimetumika, na hakuna aliyezitumia. Vivyo hivyo msanii hajulikani, na hakuna asiyemjua. Ujinga wenyewe umeachwa uelee kama moshi usio na jiko. Tena neno hilo, "wasiojulikana", hapa nchini lina harufu yake mbaya ambayo sina haja ya kuieleza. Simu yenye adabu ingeandika "Msanii nisiyemjua". Hapo angalau mtu angeweza kuijibu.

Nina nyimbo elfu tisa na ushei. Nyingine zimetoka kwenye kanda za marehemu mjomba wangu, nilizozihamishia kwenye kompyuta kwa waya mmoja na uvumilivu mwingi. Nyingine ni za CD za kuchomwa, enzi zile CD zilipokuwa zikichomwa kila kona. Na nyingi zaidi ni za flashi. Mwaka jana niliamua kuzipanga. Kila niliyemwomba ushauri alinijibu kwa neno moja: programu. Tafuta programu nzuri. Sikatai, ila mimi ni mtu wa maneno, na kitenzi chenyewe cha "kupanga" kilitosha kunichelewesha wiki nzima. Mpangaji ni yule anayetia vitu katika safu, na mpangaji ni yule anayelipa kodi ya chumba cha mwenzake. Nyimbo zangu zilikuwa wapangaji wa namna ya pili, zimerundikana vyumbani bila mkataba. Nyerere, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, aliiita hotuba yake "Kupanga ni Kuchagua", na ingawa alikuwa na mambo mazito kuliko mp3, sijapata maelezo bora ya kazi hii. Kila programu inayokupangia imekwisha kukuchagulia maneno. Ukiikubali programu umeyakubali na maswali yake.

Basi nikaanza na neno.

Programu zote za kazi hii zinafanya jambo moja: zinaandika ndani ya faili la wimbo maelezo mafupi ya nani kaimba, wimbo unaitwaje, wa mwaka gani. Maelezo hayo vijana wanayaita tagi. Sina ugomvi na tagi kama sauti. Tumekopa mengi na tumepona. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo limeshapata kazi nyingine. "Nitagi kwenye ile picha" maana yake ni niite, nijulishwe nije nione. Kutagi ni kumwita mtu. Maelezo ya ndani ya wimbo hayamwiti mtu yeyote. Yanakaa kimya mpaka yaulizwe.

Lebo nayo inapendekezwa mara nyingi. Ni neno la chupa na makopo, lingefaa sana, kama muziki wa Tanzania usingelichukua mapema kwa maana ya kampuni inayommiliki msanii. Uliza "wimbo huu una lebo gani?" utajibiwa jina la kampuni ya mjini Dar es Salaam. Kitambulisho ni cha watu, na kina foleni ndani yake. Kipande kingependeza kwa ufupi, lakini nani asiyejua kipande kilikuwa nini? Katika Kenya ya wakoloni mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na huku kwetu kipande kilihesabu siku za manamba kwenye mashamba ya mkonge. Sitaki kuuvalisha wimbo kitu hicho.

Nikafikiria chapa. Usukumani chapa haihitaji kufafanuliwa: chuma cha moto, paja la ng'ombe, harufu ya manyoya. Lakini chapa haifutiki, na maelezo ya wimbo yanafutika kwa kubonyeza mara moja. Kwa hakika taabu yake kubwa ni kwamba kila mtu anaweza kuyafuta na kuandika yake.

Jibu lilinijia kwa njia ya mifugo hivyo hivyo. Tanzania ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010, na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikihimiza ng'ombe wavalishwe vile vibandiko vya sikioni vyenye namba. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja mkoani kwetu, Bariadi, kuzindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Na vibandiko vile, kuanzia waziri hadi mchungaji, watu wanaviita nini? Hereni. Hakuna kamati iliyoketi, wala tangazo lililotolewa. Mtu alikiona kitu kinaning'inia sikioni akakipa jina la kitu kinachoning'inia sikioni.

Hereni. Haimbadilishi ng'ombe. Haimnenepeshi wala haimkondeshi. Akiuzwa mnadani akapelekwa Pugu, inaondoka naye. Inaweza kuvuliwa, inaweza kuvalishwa ya uongo, na mwizi anajua hilo. Na kwa wimbo ina ziada moja ambayo sikuitegemea: iko sikioni.

Ukishakuwa na hereni unapata na neno la pili bila kulitafuta. Kile kinachoitwa folda, ambacho wataalamu wengine wametaka tukiite kabrasha (na kabrasha kwetu ni furushi la makaratasi ya kikao, lisilosomwa na mtu), ni zizi. Ng'ombe mmoja hawezi kulala katika mazizi mawili usiku mmoja. Wimbo wa harusi ulioimbwa na kwaya kwa Kisukuma utaulaza wapi: harusi, kwaya, au Kisukuma? Ukiwa na mazizi tu, lazima uchague moja, au unakili faili mara tatu mpaka diski ijae. Ukiwa na hereni, unaulaza popote na kuuita kwa sifa yoyote. Hapo ndipo programu zinapogawanyika, na ndilo swali la kwanza la kuiuliza programu kabla ya kuitazama rangi zake: wewe unaamini zizi au unaamini hereni? Ile ya simu yangu inajidai kuamini hereni, lakini isipoiona inasema ng'ombe hajulikani, wakati kachorwa ubavu mzima.

Maana hivyo ndivyo kibanda kinavyofanya. Kijana wangu hajawahi kufungua hereni hata moja. Maelezo yote anayaweka kwenye jina la faili: namba, jina la mwimbaji, jina la wimbo, jina la studio, wakati mwingine na namba ya simu ya anayekodisha muziki wa harusi. Jina linakuwa refu kama treni ya mizigo. Kwa muda mrefu nilimwona mshamba wa jambo hili, mpaka aliponieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee wake jambo ambalo mzee angepaswa kulijua.

"Mwalimu," alisema, "sabufa haisomi hayo mambo yako ya ndani."

Ni kweli tupu. Sabufa nyingi za bei nafuu, na redio nyingi za magari na bajaji, hazijui hereni wala alfabeti. Zinapiga nyimbo kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye daftari la flashi, yaani kwa kawaida ule uliotangulia kunakiliwa unatangulia kupigwa. Kijana hakufundishwa hilo na mtu. Alisikiliza tu, akagundua, na tangu hapo anazinakili nyimbo moja moja kwa foleni anayoitaka, za kuchangamsha kwanza, za huzuni mwisho wa safari. Mimi na programu zangu nne tulikuwa tukipamba masikio ya ng'ombe kwa ajili ya mnunuzi kipofu.

Hata hivyo kompyuta inasoma, simu inasoma, na nataka wajukuu wajue. Kwa hiyo nilirudi kwenye hereni, safari hii kutazama imeandikwaje.

Hereni ya kwanza ya mp3 ilibuniwa mwaka 1996 na Eric Kemp. Ilikuwa na baiti 128 tu, na ilibandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Kwa kweli ilikuwa hereni ya mkiani. Alama tatu za kuitambulisha, thelathini za jina la wimbo, thelathini za msanii, thelathini za albamu, nne za mwaka, thelathini za maoni, na moja, moja tu, ya aina ya muziki. Toleo la pili, lililotoka mwaka 1998, liliihamishia kichwani na kuipanua karibu bila mpaka. Ila maswali yalibaki yale yale, na kila programu unayoiona leo inayarithi: jina, msanii, albamu, mwaka, aina. Ni maswali ya mtu aliyeketi mbele ya rafu ya CD za dukani.

Ile baiti moja ya aina inastahili kikao chake. Kwa kuwa ni moja, haiandikwi neno bali namba, na namba zile zinatoka kwenye orodha ya aina 80 zilizohesabiwa kuanzia sifuri. Nimeisoma yote kwa kidole. Polka imo, ni namba 75. Taarabu haimo, dansi haimo, ngoma haimo. Iko moja inaitwa "Ethnic" na nyingine "Tribal", na nadhani humo ndimo tulimotarajiwa kuingia sote, kuanzia Kigoma hadi Kilwa. Namba sifuri ni "Blues". Sasa, programu mbovu isiyojua aina ya wimbo huacha pale sifuri, na programu nyingine ikija kusoma sifuri inasoma "Blues". Ndiyo maana nilikuta nyimbo zaidi ya mia nne za kulimia, za jembe na jasho la Magu na Maswa, kompyuta ikizitangaza kwa uhakika kabisa kuwa ni Blues. Nilianza kuzisahihisha kwa hasira. Njiani nikakumbuka kwamba Blues yenyewe ilichipuka kwenye nyimbo za kazi za Waafrika waliokuwa mashambani Marekani, na hasira ikapungua makali. Sifuri ile ilikuwa imebahatisha vizuri kuliko wale waliotuandalia "Tribal".

Na msanii je? Programu zilizotafsiriwa zinatumia neno hilo, na sina lawama na watafsiri. Wanafanya kazi ngumu isiyoshukuriwa. Nakumbuka furaha yetu shuleni mwaka 2004 tuliposikia kwamba pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Lakini msanii ni neno pana kama kanga ya mzazi. Mchongaji ni msanii, mwigizaji ni msanii, na mtaani tapeli ni msanii kuliko wote: "usimwamini, yule msanii tu." Wakati huo huo Kiswahili kina manju, yule anayetunga na kuongoza wimbo katika ngoma, na kina malenga. Kisukuma kina ningi, wengi wao baningi. Ningi hasimami peke yake kama picha kwenye jalada. Ana kundi linalompokea, na wimbo usiopokewa haujaimbwa. Uga wa "Msanii" unataka mtu mmoja. Uga wa "Mtunzi" upo, umefichwa ukurasa wa pili. Uga wa "waliopokea" haupo popote.

(Uga, naam. Wataalamu wa kompyuta wanaita hivyo kile kisanduku cha kujaza. Uga ni uwanja wa nyumbani, pale watoto wanapocheza na ngoma inapopigwa. Kati ya istilahi zote za fani hii ndiyo pekee niliyoipenda mara ya kwanza nilipoisikia.)

Halafu yakaja majina. Mtazame Bhudagala Ng'wana Malonja, mmoja wa waimbaji wa Kisukuma wanaosikilizwa sana kanda hii. Ng'wana ni mwana; Ng'wana Malonja ni mwana wa Malonja. Programu nyingi za kigeni zina tabia ya kulitafuta jina la mwisho ili zilitangulize, kama kwenye daftari la simu. Ukiiruhusu itampeleka chini ya M, kwa baba yake. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba kwenye diski yangu mtu huyu alikuwa watu saba. Kuna aliyeandikwa Bhudagala na aliyeandikwa Budagala. Kuna Ng'wana na kuna Mwana, maana mwandishi mwingine ameona bora amtafsiri kabisa. Kuna Mwanamalonja kwa neno moja. Na kuna ile ritifaa ya ng'. Ritifaa moja imesimama wima, nyingine imepinda kulia, nyingine imepinda kushoto kwa sababu simu iliamua hivyo, na nyingine haipo, imeachwa Ngwana, jambo ambalo darasani ningelichorea mstari mwekundu. Macho ya mtu hayaoni tofauti. Kompyuta haioni kitu kingine. Kwake ritifaa iliyosimama na iliyopinda ni herufi mbili zisizohusiana hata kwa ndoa, kwa hiyo huyu ni mtu mmoja na yule ni mwingine, kila mmoja na nyimbo zake chache, na ukitaka kumsikiliza mtu mzima inabidi uwaite wote saba.

Hapa ndipo nilipoanza kuheshimu baadhi ya programu. MusicBrainz, hifadhidata ya muziki iliyoanza karibu mwaka 2000 na ambayo kila mtu anaweza kuichangia, inatenganisha mambo mawili ambayo hereni ya Kemp iliyachanganya: mtu ni nani, na jina lake liliandikwaje kwenye rekodi hii. Mtu anabaki mmoja. Maandishi yanaruhusiwa kuwa saba. Laiti jambo hilo lingekuwapo wakati tunahesabu bendi zetu za dansi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika, bendi ikawa JUWATA. Kikabadilika tena, ikawa OTTU. Leo ni Msondo Ngoma. Je, hiyo ni bendi moja au nne? Mjomba alizirekodi kutoka redioni kwa miaka mingi na kwenye makasha ya kanda aliandika neno moja tu: Msondo. Hakuandika msanii. Aliandika mtindo, kama walivyoandika wapenzi wote wa dansi. Mlimani Park ilikuwa Sikinde. Western Jazz ilikuwa Saboso. Neno "mtindo" kwa kizazi chake lilikuwa jina la ukoo wa bendi, mwendo wa gitaa na bendera ya ushabiki kwa pamoja, na hakuna uga hata mmoja wa kulipokea. Ukiliweka kwenye "aina" umekosea, ukiliweka kwenye "msanii" umekosea kidogo.

Albamu sitaisemea sana. Muziki unaotoka studio za huku kwetu leo unatoka wimbo mmoja mmoja, kama mbuzi anayepelekwa mnadani kulipia ada, na uga wa albamu hubaki mtupu mpaka wenye mitandao ya kupakulia nyimbo waugeuze ubao wa matangazo na kuandika humo anwani yao. Nimefuta anwani hizo mpaka kidole kimeota sugu.

Lakini "aina" siwezi kuiacha, maana hata sisi wenyewe tumeiharibu bila msaada wa mtu. Kibandani kuna zizi moja kubwa limeandikwa Asili. Humo wamo baningi wa Bariadi, Wagogo na zeze zao, nyimbo za jando za kusini, na kijana wa juzi aliyerekodi kwa kinanda cha kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asili ya nini? Ukichunguza utakuta "asili" hapa haina maana ya zamani wala ya porini. Ina maana ya kutoimbwa kwa Kiswahili. Ni Kiswahili kinachosema "hizo lugha nyingine". Nami ni mwalimu wa Kiswahili, najua lini lugha yangu inajivuna.

Na hata "Kisukuma" si hereni iliyotulia kama inavyodhaniwa. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Msukuma ni mtu wa kaskazini kwa kinywa cha jirani yake aliye kusini. Jina letu ni mwelekeo wa kidole cha mtu mwingine. Mzee wa hapa hakuulizi wimbo ni wa Kisukuma au la, kama vile samaki hauliziwi maji. Anauliza mambo mengine. Ni mbina ipi, yaani ngoma ipi: wigashe, inayochezwa watu wameketi kama jina lake linavyosema, au bugobogobo ya majembe? Mwimbaji ni wa Bagika au wa Bagalu? Hilo la mwisho, kwa asiyelijua, ni mgawanyiko wa vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya kumi na tisa, na ushindani wao ni wa aina ya Simba na Yanga, ila umeongezewa dawa. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzitoa kitabu mwaka 2010, hakuzipanga kwa mahadhi wala kwa ala. Alizipanga kwa kazi na vyama vya wenye kuziimba: wawindaji, wapagazi, waganga wa nyoka, wakulima. Nilipoiona orodha ya yaliyomo niliona mtu aliyewasikiliza wazee kabla ya kuchora visanduku.

Sasa programu zenyewe, maana msomaji mwenye nyimbo zake diskini ameshaanza kunikunjia uso. Nilijaribu nne, nitazitaja tatu.

Picard, ya hao hao MusicBrainz, ina maajabu: haitegemei jina la faili, inaweza kuusikiliza wimbo wenyewe, kuuchukua alama za vidole na kwenda kuzilinganisha na hifadhidata. Nilimpa Mbaraka Mwinshehe, ikamtambua mara moja, na nyimbo alizopiga na Morogoro Jazz ikazitenga na zile za Super Volcano. Nikampa ningi wa Itilima. Ikafikiri, ikafikiri, ikarudi mikono mitupu. Si kosa lake. Alama za vidole zinamtambua tu aliyewahi kufikishwa kituoni, na nyimbo zetu hazijafikishwa. Kuzifikisha ni kazi yetu, nimefikisha chache.

foobar2000 ni ya kusikilizia zaidi kuliko kuvalishia, lakini inakupa uhuru wa kuziita nyimbo kwa sifa yoyote na kuzipanga utakavyo. Sura yake ni kavu kama ofisi ya kata. Niliipenda kwa sababu hiyo.

Niliyobaki nayo ni Mp3tag ya Mjerumani Florian Heidenreich, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kibandani: ina njia ya kuyachukua majina yale marefu ya mafaili, kuyakata yanapokatika na kuyagawa hereni kwa mkupuo, kisha kufanya kinyume chake, kuandika hereni kwenye jina la faili ili hata mnunuzi kipofu aone. Kwa hiyo nafanya kazi na zizi na sikio kwa pamoja, na kijana hanicheki tena. Sababu ya pili ndiyo iliyonikalisha. Inaniruhusu kufungua uga mpya na kuuita jina nitakalo. Nimefungua nne. MBINA. MAHALI. WALIOPOKEA. Na ANAYESIFIWA, maana wimbo wa kusifu una mwenyewe, na mwenyewe si mwimbaji. Ni yule mwenye ng'ombe, mwenye duka, au marehemu mwenye boma, aliyemfanya mwimbaji afungue kinywa. Niliutaka huo wa nne uitwe MSIFIWA, nikauona mkali kimatamshi. Bado sijatulia. Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye ananiambia nipeleke hizo istilahi zangu BAKITA. Baraza hilo lipo tangu 1967, limeshapokea maombi ya ajabu kuliko langu, lakini mimi nilishaona hereni ilivyojipatia jina bila kupanga foleni.

Kanda moja ya mjomba ilinishinda. Kasha lake limeandikwa "Magu 2" kwa kalamu ya bluu, basi. Mwimbaji mmoja, kundi nyuma yake, dakika thelathini kila upande. Picard haikumjua. Wazee wawili niliowasikilizisha mwanzo wa wimbo walibishana kama ni Bagika au Bagalu, wakaachana bila kuagana vizuri. Nikamwandika Asiyejulikana kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyeisema simu.

Wiki iliyopita kijana wa kibanda alikuja kuniwekea waya mpya, akauacha wimbo wa kanda ile ukiendelea wakati akifanya kazi yake chini ya meza. Mimi sijawahi kuuacha ufike mwisho. Kila mara nilikuwa nimeshasikia vya kutosha kujua kwamba simjui. Karibu na dakika ya ishirini na mbili mwimbaji akapunguza sauti, kundi likanyamaza, akaanza kujitaja kama baningi wanavyofanya: yeye nani, mwana wa nani, kijiji gani, na nani kampa chakula siku hiyo.

"Si huyo, mwalimu," kijana akasema akiwa bado chini ya meza. "Kajisema."

Nikaandika jina, kwa ritifaa iliyosimama wima. Nikajaza MBINA, nikajaza ANAYESIFIWA. Kwenye MAHALI nikaandika kijiji, nikakwama kwenye mkoa. Siku anaimba, upande huu wa ziwa, Lamadi yenyewe ikiwemo, ulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Tangu 2012 ni Busega, mkoa wa Simiyu. Nikamuuliza kijana aandikwe wapi. Akaniuliza kama waya ufungwe kwanza au baadaye.